Gogo Likipasuka Kichwani, Faida Nayo Imepasuka: Ziba Mapema

Leo nawapa somo lililokula pesa yangu mwenyewe.

Mie nauza mabakuli na mbao za kukatia mtandaoni, kiduka changu kiko Mji Mkongwe. Januari mwaka jana nilipata oda ya mabakuli 10 ya muembe. Mteja akatuma advansi, nikakimbilia shamba kununua magogo 8 mabichi. Nikayapanga uani juani, nikijua jua na upepo wa kaskazi vitayakausha haraka. Kweli yalikauka! Ndani ya wiki moja vichwa vyote vimefanya nyufa kama nyota, nyengine zimeingia ndani zaidi ya shibiri. Nikaambulia mabakuli 3. Advansi nikarudisha yote, na mteja hajarudi tena.

Nikaenda kwa fundi mmoja mzee anayechonga milango. Akacheka. “Mwanangu, mti unapandisha maji kwa mishipa yake. Ukishaukata, maji yanatokea hapohapo kwenye mishipa. Wewe umeuacha mdomo wazi.”

Ndiyo siri yenyewe. Mishipa ya mti imelala kwa urefu kama mirija, kwa hiyo kichwani maji yanatoka haraka kuliko ubavuni. Kichwa kinakauka na kutaka kusinyaa, katikati bado kumelowa na hakusinyai. Wanavutana, mbao inapasuka. Ukiziba kichwa, gogo linakauka polepole na kwa mwendo ulio sawa zaidi.

Sasa nafanya hivi:

1. Naziba siku ileile ya kukata. Ufa ukishaingia, dawa ni kukata mpaka pazima, ndo uzibe.

2. Natumia nta au mabaki ya mishumaa. Mkebe wa nta naweka ndani ya sufuria ya maji ya moto, siuweki juu ya moto moja kwa moja, maana nta inashika moto. Huna nta? Rangi ya mafuta, mikono miwili mitatu.

3. Napaka vichwa vyote viwili na kushuka inchi moja ubavuni. Sipaki gogo zima, maji lazima yapate pa kutokea.

4. Gogo la mviringo nalipasua katikati kwenye moyo wake. Ukiliacha zima, linaweza kupasuka hata kama umeziba.

5. Naweka kivulini, juu ya vijiti, upepo upite. Muembe ukikaa pasipo hewa unaota ukungu.

6. Naandika tarehe na uzito. Kila wiki napima kwa mizani. Uzito ukiacha kushuka wiki kadhaa, mbao imetulia.

Na hili wengi tunalisahau: mbao iliyotulia kwenye hewa yetu ya bahari bado ina unyevu kidogo. Ikifika Dubai au Ulaya kwenye chumba cha eisii au hita, inakauka zaidi. Mwambie mteja mapema asiiweke karibu na eisii wala juani, na aipake mafuta mara kwa mara. Ukisema kabla, ni ushauri. Ukisema baada ya ufa, ni kisingizio.

Mkebe wa mishumaa umenigharimu kidogo sana. Nyufa zilinigharimu mteja. Mtumie mwenzako anayeuza vitu vya mbao, kabla hajalipia magogo mabichi.