Gegedu la Papa na Jicho la Sungura

Aliyewahi kumkata papa jikoni anajua kwamba kisu hakigongi mfupa. Kinapita katikati ya uti wa mgongo kwa kukwaruza kidogo tu, kama kinachokata muhogo mbichi. Papa hana mfupa hata mmoja. Ukiacha meno, kilichomshikilia kutoka taya hadi mkia ni gegedu, kitu kile kile kilichomo kwenye sikio lako na ncha ya pua yako. Gegedu hilo likikaushwa na kusagwa hutiwa kwenye vikopo na kuuzwa kama dawa lishe, na kila baada ya muda huja mtu dukani na kikopo alicholetewa na ndugu kutoka nje, akaniuliza: “Dokta, si ndiyo hii inayotibu kansa?”

Mimi ni mfamasia, wala si daktari, ila kwenye kaunta sote ni dokta. Jibu fupi ni hapana. Jibu refu nalipenda zaidi, maana ndani yake mna sayansi nzuri iliyopandishwa gari lisilo lake.

Mwaka 1971 Judah Folkman, daktari wa upasuaji wa watoto mjini Boston, aliandika kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kuzidi milimita moja au mbili bila kujivutia mishipa yake ya damu. Ni kama mtu anayejenga mabondeni: akikosa bomba, hapiti chumba kimoja. Basi Folkman akawaza, tukilikata hilo bomba? Wengi walimtilia shaka. Yeye akaanza kutafuta ni kitu gani mwilini chenye uwezo wa kuizuia mishipa isiote, na gegedu likawa miongoni mwa vya kwanza kutazamwa. Gegedu halina mishipa ya damu. Hujipatia chakula chake kwa kufyonza kidogo kidogo kutoka kwa majirani.

Hapo ndipo sungura anapoingia. Konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, nayo haina mishipa ya damu, kwa hiyo mshipa wowote unaoota pale unaonekana wazi kama mstari mwekundu juu ya kioo. Mwaka 1975 Henry Brem na Folkman waliweka uvimbe kwenye konea za sungura, kando yake wakaweka vipande vya gegedu, na mishipa ikasita kuufikia uvimbe. Mwaka 1983 Anne Lee na Robert Langer wakachapisha kwenye jarida la Science matokeo kama hayo, safari hii kwa dondoo la gegedu la papa. Walimchagua papa kwa sababu za kimaabara kabisa: ndama ana gegedu la hapa na pale, papa ni gegedu mwili mzima.

Sasa tazama dawa ilikowekwa. Ilikaa ndani ya jicho, ubavuni mwa uvimbe, kitu na kitu. Hakuna sungura aliyelishwa unga wa papa.

Mwaka 1992 Mmarekani William Lane akatoa kitabu chenye jina linalodai kwamba papa hawapati saratani, na mwaka uliofuata kipindi cha televisheni cha 60 Minutes kikaonyesha wagonjwa nchini Cuba wakipewa unga wa gegedu. Takwimu za Cuba zilipofika mbele ya wataalamu wa taasisi ya saratani ya Marekani, waliziona pungufu na zisizoshawishi. Lakini televisheni ilikwisha kusema, na maduka yakajaa vikopo.

Dai lenyewe halikuwa kweli hata kwa papa. Gary Ostrander na wenzake walichapisha mwaka 2004 orodha ya uvimbe 42 uliowahi kupatikana kwa papa, taa na jamaa zao, mwingine saratani kamili, mwingine uliochipuka kwenye gegedu lenyewe. Na hata kama papa wangekuwa hawaugui kabisa, kula kipande cha mnyama hakukupi kinga yake. Tungekuwa tumeota mapezi siku nyingi.

Kikwazo kikubwa ni tumbo. Vitu vilivyozuia mishipa kwenye konea vingi ni protini, na protini ikifika tumboni huvunjwavunjwa kama nyama yoyote. Tumbo halijui tofauti ya papa wa kikopo na papa wa mchuzi wa nazi. Ni sababu hiyo hiyo inayomfanya mgonjwa wa kisukari ajidunge insulini badala ya kuimeza.

Hata hivyo watafiti hawakuishia kwenye hoja, walipima. Mwaka 1998 yalitoka matokeo ya wagonjwa 60 wenye saratani iliyokwisha kukomaa, waliopewa gramu moja ya unga kwa kila kilo ya uzito, kila siku. Mtu wa kilo 70 hapo anameza gramu 70 za kitu chenye shombo, na wapo walioshindwa kwa kichefuchefu. Hakuna hata mmoja ambaye uvimbe wake ulinywea kwa kiwango kinachohesabika. Mwaka 2005 wakaja wagonjwa 83 wa saratani ya matiti na utumbo mpana, wengine wakipewa gegedu na wengine unga usio na dawa. Hawakupishana.

Jaribio la heshima zaidi lilichapishwa mwaka 2010. Dawa yake, Neovastat, ilikuwa dondoo la maji lililochujwa kwa uangalifu na kampuni ya Kanada, mbali sana na unga wa kikopo. Wagonjwa 379 wa saratani ya mapafu walipata tibakemikali na mionzi kama kawaida, na wakagawanywa kwa kura. Kwa waliokunywa dondoo, muda wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 14.4, kwa waliokunywa kimiminika kitupu, miezi 15.6. Kitakwimu hiyo si tofauti.

Hasara, lakini, zilikuwepo. Mwaka 1998 madaktari wa Kanada waliandika kuhusu mtoto wa miaka tisa aliyeondolewa uvimbe wa ubongo. Kwa mionzi na tibakemikali alikuwa na zaidi ya nusu ya nafasi ya kupona. Wazazi wake walichagua gegedu la papa. Baada ya miezi minne uvimbe ulikuwa umerudi, na mtoto akafa. Kisa hiki namsimulia kila anayeniambia, “Si itamsaidia tu, haina madhara?”

Wazo la Folkman, kwa upande wake, lilifika salama kwa njia nyingine. Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha bevacizumab, kingamwili inayozuia mishipa ya uvimbe. Huingia kwa dripu moja kwa moja kwenye damu, na haina chembe ya papa.

Wanaouliza kuhusu magoti nao wana haki ya kujibiwa. Kondroitini, sukari ndefu inayopatikana kwenye gegedu la papa na la ng'ombe, ilipimwa katika jaribio la watu 1,583 wenye maumivu ya goti, na matokeo ya mwaka 2006 hayakuonyesha nafuu ya maana kuliko kidonge kitupu.

Kondroitini hiyo hiyo ya papa ina kazi moja hospitalini ambayo sijawahi kuiona kwenye tangazo. Ioannis Yannas wa chuo cha MIT na daktari John Burke waliichanganya na kolajeni ya kano za ng'ombe, wakapata kiunzi chepesi chenye vitundu, wakakifunika kwa utando wa silikoni. Kiliidhinishwa Marekani mwaka 1996 kwa jina la Integra. Mtu aliyeungua vibaya hutandikwa kiunzi hicho juu ya jeraha lililosafishwa, na baada ya wiki chache silikoni hubanduliwa ili kupandikiza ngozi nyembamba. Wakati huo, ndani ya vile vitundu, mishipa mipya ya damu huwa imekwisha kuota.