Kabla ya samaki, mchanga: somo la tangi la kioo sebuleni

Jumapili moja jioni mwanangu wa darasa la nne alinijia na simu yangu mkononi. Alikuwa anatazama video ya samaki wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, yule wa filamu ya Finding Nemo, anacheza katikati ya matumbawe ndani ya tangi la kioo. "Baba, na sisi tuweke hapa sebuleni." Nikacheka. Tupo Karagwe, bahari iko zaidi ya kilomita 1,300 kwa barabara. Lakini mtoto akishaomba kwa macho yale, mzazi unaanza kupiga hesabu.

Nilifanya kosa ambalo wazazi wengi hulifanya. Nilikimbilia samaki kabla ya kuandaa nyumba yao. Fundi vioo alituunganishia tangi, nikamwaga mchanga wa ujenzi uliobaki uani, nikajaza maji, na siku hiyo hiyo tukatia samaki 12 wadogo. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa. Kufikia Ijumaa hakubaki hata mmoja. Mtoto aliwatoa mmoja mmoja kwa kijiko, kisha akaniuliza, "Baba, tumewaua?"

Nilimjibu ukweli: ndiyo, kwa kutojua. Tukakubaliana kwamba hatutaweka samaki mwingine hadi tujue tunachofanya. Haya ndiyo tuliyojifunza, na naamini mzazi wa Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo atayaona yana faida.

Kwa nini si samaki wa bahari?

Tangi la bahari linawezekana popote duniani, ila lina gharama. Kila lita ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Tangi letu lina urefu wa sentimita 100, upana 40 na kimo 40, sawa na lita 160. Kwa hesabu hiyo unahitaji zaidi ya kilo tano na nusu za chumvi, na chumvi ya jikoni haifai kwa sababu haina madini mengine yaliyomo baharini. Maji yanapopungua kwa kukauka, chumvi hubaki, hivyo huongezwa maji baridi yasiyo na chumvi. Ukikosea hapo maji yanazidi ukali na samaki wanaumia.

Mchanga wake nao ni tofauti. Ule mweupe wa pwani kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Una chokaa, na chokaa hiyo husaidia maji yasigeuke kuwa na asidi. Usifikirie kumwagiza ndugu wa Dar es Salaam au Tanga akuletee mawe ya matumbawe. Matumbawe ni viumbe hai, na yale magumu yamo kwenye orodha ya mkataba wa kimataifa wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Ongeza umeme unaokatika na usiku wa baridi wa huku milimani, utaona kwa nini tulirudi kwenye maji ya kwetu.

Nilimwambia mwanangu jambo ambalo hakuliamini mara moja: Ziwa Victoria nalo lina samaki wa rangi kama wale wa kwenye video. Ni furu.

Mchanga: kazi ya wiki nzima

Furu wengi huchota mchanga kwa mdomo, wakachuja chakula na kuutema. Madume huchimba vishimo na kuvilinda kama uwanja wao. Kwa hiyo kwao mchanga ni sahani na ni kitanda. Ukiwa na ncha kali unawachubua, ukiwa na udongo unaziba matamvua wanayopumulia.

Chagua mchanga laini wa mto, wenye chembe za mviringo. Usichukue wa kwenye makorongo yaliyo chini ya mashamba ya kahawa na migomba yanayopuliziwa dawa. Kwa wenzetu wa Kyerwa, epukeni mchanga wa kwenye machimbo ya bati, kwa sababu unaweza kuwa na madini yanayodhuru samaki. Wala msichote ndani ya hifadhi. Tangu mwaka 2019 Burigi-Chato, Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa ni hifadhi za taifa, na kutoa kitu humo bila kibali ni kosa.

Hatua zetu zilikuwa hizi:

1. Tulichekecha kwa chekeche la matundu madogo kuondoa kokoto, mizizi na vipande vya chupa.

2. Tuliosha kidogo kidogo kwenye beseni jipya. Beseni la kufulia halifai, sabuni kidogo tu huua samaki. Unamwaga maji, unakoroga kwa mkono, unamimina maji machafu kwenye migomba, unarudia. Udongo wetu mwekundu ni mkaidi. Sisi tulirudia mara 15 hivi. Mchanga uko tayari pale maji yanapobaki meupe hata ukikoroga.

3. Tulipima chokaa. Weka mchanga mkavu kijikoni, dondoshea siki. Ukitoa mapovu, una chokaa. Kwa furu kiasi kidogo hakina tatizo, maana maji ya Ziwa Victoria hayana asidi. Kwa samaki wapendao maji yenye asidi, tafuta mwingine.

4. Tuliuchemsha kwenye debe kuukuu, kisha tukauanika juani siku tatu juu ya turubai safi.

Kina cha sentimita nne kinatosha. Kwa tangi letu ni lita 16, ndoo moja ya lita 20 haikujaa. Lakini hesabu uzito mzima: maji, mchanga na kioo vinafika kilo 200, sawa na mifuko minne ya saruji. Meza ya kawaida ya sebuleni haihimili. Sisi tulijenga kijukwaa cha tofali.

Maji na subira

Maji ya bomba yenye dawa yaache wazi kwenye ndoo kwa saa 24 au zaidi. Maji ya mvua ni mazuri, ila mwaga ya mwanzo yanayoosha vumbi la paa, na usitumie yaliyotoka kwenye mabati mapya.

Hapa ndipo samaki wetu 12 walipofia. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Kuna bakteria wazuri wanaoishi kwenye mchanga na kwenye sponji ya pampu. Kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo bado ni sumu. Kundi la pili huigeuza kuwa naitreti, isiyodhuru haraka. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka. Tangi jipya halina, ndiyo maana maji yanaweza kung'aa na samaki wakafa humo humo.

Safari hii tuliwasha pampu ya hewa, tukawa tunatia chakula kidogo cha samaki kila siku bila samaki. Mtoto aliweka alama kwenye kalenda ukutani kwa siku 42. Majirani walitucheka: "Mnalisha maji?" Ndiyo, tulikuwa tunalisha maji.

Samaki gani, na wangapi?

Sato hapana. Akikua anazidi kilo moja. Sangara ndiyo kabisa, huyo anaweza kufika kilo 200. Kambale huruka nje usiku na huwameza wenzake. Kwa tangi dogo la lita 50 au 60, samaki wadogo wa mapambo kama gapi wanatosha. Kwa tangi kama letu, weka furu wa aina moja: dume mmoja na majike wanne au watano. Ukiweka madume wawili katika nafasi ndogo, mmoja atamfukuza mwenzake hadi afe.

Kabla ya kununua au kusafirisha samaki hai, muulize afisa uvuvi wa halmashauri yako kuhusu kibali. Usimtume mtoto kuvua kwa kuingia majini. Ziwani kuna kichocho, na Mto Kagera una mamba. Chagua samaki mwenye macho maangavu, mapezi yaliyonyooka na anayekimbilia chakula. Safirisha kwenye mfuko wenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa. Ukifika, uelekeze mfuko uelee tangini dakika 20, kisha ongeza maji ya tangi kidogo kidogo. Anza na watatu, subiri wiki mbili, ndipo uongeze.

Baada ya hapo kazi ni ndogo: lisha kile wanachomaliza kwa dakika mbili, badilisha robo ya maji kila wiki, funika tangi. Waya wa umeme uning'inie chini ya soketi ili tone la maji lisifike kwenye umeme. Umeme ukikatika usiwalishe, chota maji kwa kikombe na uyamimine toka juu ili yapate hewa. Mtoto anawe mikono kila anapomaliza.

Somo kubwa kuliko tangi

Kuna furu mmoja dume mwenye mgongo mwekundu, ubavu wa njano na mistari myeusi. Wanasayansi walimpa jina la Mwalimu Nyerere mwaka 1985, na leo anaitwa Pundamilia nyererei. Ndiyo, "pundamilia" hiyo ni yetu ya Kiswahili. Nilipomwonyesha mwanangu picha yake, habari za Nemo ziliisha.

Furu walikuwa takriban aina 500 ziwani. Sangara aliletwa miaka ya 1950, na alipoongezeka sana miaka ya 1980 aina karibu 200 zilitoweka au hazikuonekana tena. Hata maji machafu yamechangia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba maji yakiwa na tope majike hawatambui rangi za madume wa aina yao, hivyo aina huchanganyika na kupotea. Ndiyo maana tuna sheria moja nyumbani: samaki wa tangini harudishwi ziwani wala mtoni, hata tukimchoka. Samaki mmoja mgeni aliwahi kutosha.

Mwezi uliopita jike mmoja aliacha kula, kidevu kimevimba. Nikadhani anaumwa. Mwanangu ndiye aliyenieleza, maana alishasoma: jike wa furu hutunza mayai mdomoni kwa wiki mbili hadi tatu bila kula. Siku ya 17 tulihesabu vifaranga tisa juu ya ule mchanga tuliouosha mara 15.

"Baba," akaniambia, "hawa hatujawaua."