MVUA YA MAWE INAPOIANGUKIA MICHAI

Watu wakaao mbali na Kericho na Bomet, waonapo picha ya mashamba ya chai yaliyo sawasawa juu kama meza zilizotandikwa kitambaa cha kijani, hudhani kuwa mkulima wa huko hana la kumtia hofu. Mvua hunyesha karibu kila mwezi, udongo ni mwekundu wenye kina kirefu, na majani huchumwa mwaka mzima, si kama mahindi yanayovunwa mara moja. Yote hayo ni kweli. Lakini mbingu zile zile zinazoinywesha michai ndizo zinazoipiga. Vitabu vya elimu ya hali ya hewa huitaja Kericho, pamoja na milima ya Nandi, kuwa miongoni mwa mahali panapoangukiwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi ulimwenguni.

Sababu yake si ngumu kufahamu. Wakati wa mchana jua huipasha moto nchi kavu, na upepo wenye unyevu mwingi hutoka Ziwa Victoria ukielekea mashariki. Ukifika kwenye miinuko ya Kericho hulazimika kupanda, na huko juu hukutana na upepo mwingine utokao mashariki. Pepo hizo mbili zikishindana, hewa haina pa kwenda ila juu. Mawingu hurundikana mpaka yakafikia baridi ya kuyagandisha matone ya maji. Tone lililoganda hurushwa juu na chini ndani ya wingu, likivikwa barafu ganda juu ya ganda, na likiwa zito mno huanguka. Katika nchi za chini jiwe kama hilo huyeyuka njiani. Kericho iko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 2,000, basi safari ya jiwe ni fupi. Aghalabu huanguka alasiri. Si makubwa, mengi hayaizidi punje ya mahindi. Lakini huja kwa maelfu, na jani changa la chai ni laini mno.

Katika miaka ya 1960 wenye mashamba makubwa walijaribu kupigana na mawingu yenyewe. Kwanza zilirushwa roketi zilizopasuka angani. Kisha, kuanzia mwaka 1967, zikatumwa ndege kutia ndani ya mawingu moshi wa iodidi ya fedha, ili matone yagande yakiwa madogo na mengi badala ya kuwa mawe makubwa. Wataalamu walibishana juu ya faida yake, na si ajabu, kwa maana ni nani awezaye kulihesabu jiwe ambalo halikuanguka? Jambo jingine lililogunduliwa huko Kericho lilistaajabisha zaidi. Mwaka 1982 ilitangazwa kwamba takataka za majani makavu zilizolala chini ya michai zina chembe ziwezazo kuyagandisha maji hata kabla baridi haijawa kali sana. Wachumaji wapitapo kati ya mistari, vumbi la takataka hizo huinuka na kupanda pamoja na hewa. Yamkini, basi, shamba lenyewe husaidia kuyatengeneza mawe yanayolipiga.

Mkulima mwenye ekari moja hana ndege wala roketi. Yeye ni mmoja wa wale walioingia katika kilimo cha chai hasa baada ya mwaka 1960, ilipoundwa mamlaka ya kuwasaidia wakulima wadogo, ambayo mwaka 1964 ikawa Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya, yaani KTDA, na mwaka 2000 ikageuzwa kuwa kampuni iliyo chini ya wakulima wenyewe. Majani yake hupimwa katika kituo cha kununulia kilicho karibu na kwake. Hulipwa kila mwezi kwa hesabu ya kilo alizopeleka, na baada ya kufungwa kwa hesabu za mwaka hupata malipo ya pili, ambayo kila mtu huyaita bonasi. Ada za shule, deni la dukani, na hata mahari, vyote huzungukia malipo hayo mawili.

Sasa tazama yatokeayo mawe yanapoanguka. Kitakiwacho na kiwanda ni majani mawili na chipukizi lao, nacho ndicho kilicho juu ya meza ya mchai, mahali panapopigwa kwanza. Katika muda wa dakika kumi machipukizi hukatika na majani hupasuka. Yaliyochanika hugeuka rangi upesi, na karani wa kituo huyakataa, kwa kuwa yakichanganywa na mazuri huiharibu chai ya wote. Mchai wenyewe haufi. Vijicho vilivyolala kwenye makwapa ya majani ya chini huamka. Lakini katika baridi ya Kericho kijicho kilichoamka leo huchukua yapata miezi miwili, pengine mitatu, kabla ya kuwa chipukizi la kuchumwa. Hasara ya mwenye chai, kwa hiyo, ni hasara ya muda. Mti uko pale pale, na mizizi ni mizima, ila hauleti fedha.

Hapo ndipo wengi hukosea kwa haraka. Mtu akiona shamba lake limekuwa vijiti hushika panga akaipogoa michai yote mpaka chini, akidhani kuwa anaianzisha upya. Mchai uliopoteza majani unaishi kwa akiba iliyomo ndani ya mizizi. Ukikatwa tena huitumia akiba hiyo mara mbili, na kiangazi kikifuata hukauka. Bwana Shamba atashauri subira. Ikiwa yaliyoharibika ni machipukizi tu, inatosha kuisawazisha meza kwa kuondoa vilivyovunjika na kuendelea. Ikiwa mawe yalikuwa makali hata magome ya matawi yakachubuka, jambo la kutazamwa ni vidonda, maana ukungu unaoozesha matawi huingia kwa njia hiyo. Matawi yaliyopasuka hukatwa kwa kisu kikali, na dawa yenye shaba hupuliziwa. Kupogoa kabisa huachwa mpaka mti umepata nguvu na ardhi ina maji. Mbolea nayo haitiwi siku ya pili yake. Mti usio na majani hauna kazi nayo kubwa, na kwa kuwa mbolea ya KTDA hutolewa kwa mkopo unaokatwa katika malipo ya majani, iliyochukuliwa na mvua huwa imelipiwa bure.

Adui wa pili haji na kishindo. Huyu ni sakitu, yaani umande ulioganda. Huja katika miezi ya kiangazi, Desemba mpaka Februari, usiku ambao mbingu hazina wingu wala upepo hauvumi. Joto la ardhi hupaa, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, hutelemka kama maji mpaka mabondeni na kutulia huko. Kulipokucha, michai ya bondeni huwa myeupe. Jua likiwaka hugeuka rangi ya kahawia kama iliyounguzwa kwa moto. Mwezi wa Januari 1912 hautajwi hapa, bali ule wa 2012, ambao wengi wanaukumbuka: sakitu iliteketeza michai katika Kericho, Bomet na Nandi, na viwanda vikapungukiwa na majani. Dawa ya sakitu ni kutoisumbua michai. Majani yaliyoungua huachwa juu ya mti mpaka mvua za masika, kwa maana huwakinga walio chini yao na baridi ya usiku wa kesho. Na mwenye ua mnene upande wa chini wa shamba hufaa aufungue mahali, ili hewa baridi ipate mlango wa kutokea.

Sakitu ya mwaka ule iliumiza zaidi kwa sababu ya lililoitangulia. Septemba 2011, huko Longisa katika Bomet, mahindi yalionekana yakigeuka manjano na kukauka kuanzia kingo za majani, magunzi yakiwa madogo au bila punje. Ulikuwa ugonjwa mpya katika nchi hii, uletwao na virusi vya namna mbili vinapokutana katika mmea mmoja, na mashamba mengine hayakuvunwa kitu. Miezi michache baadaye ikaja sakitu. Nyumba iliyotegemea mahindi kwa chakula na chai kwa fedha ilipoteza vyote viwili kabla ya mvua kurudi, na hapo ndipo ilipodhihiri ni nani aliyepanda nini. Wenye viazi, wimbi na maharage, na hasa wenye ng'ombe wa maziwa, walikuwa na la kula na la kuuza. Wimbi, chakula cha zamani cha Wakipsigis, kilikuwa kimesukumwa pembeni na mahindi. Ugonjwa ule wa mahindi haukukikomesha.

Kaskazini ya Kericho, katika nchi ya Kipkelion na Fort Ternan iliyo chini kidogo na yenye joto, wakulima wadogo hupanda kahawa, na mawe huwapiga kwa namna nyingine. Mbuni hutoa maua baada ya mvua, kisha buni huchukua miezi saba mpaka tisa kuiva. Mawe yakipukutisha maua au buni changa, hakuna kijicho cha kuamka na kulipa katika miezi mitatu. Mavuno ya msimu ule yamekwenda, na mkulima hungoja maua mengine. Tena vidonda vya mawe hufungua njia kwa bakteria wanaokausha matawi ya mbuni kuanzia nchani, ugonjwa unaojulikana sana upande huu wa Bonde la Ufa. Mbegu mpya, Ruiru 11 iliyotolewa mwaka 1985 na Batian ya mwaka 2010, zilizalishwa kushinda kutu ya majani na ugonjwa wa buni, wala si huo. Anayezipanda akidhani amemaliza kununua dawa ya shaba atajuta baada ya mawe ya kwanza. Wakulima wengine wa Kipkelion hupanda maharage na migomba karibu na mibuni, nao hupata chakula mwaka ambao mibuni haina kitu.

Mwenye chai na mwenye kahawa hukutana katika jambo moja, nalo ni mkopo. Katika miezi mitupu wako wakopeshaji watoao fedha papo hapo kwa rehani ya bonasi, au wanunuzi wa barabarani wanaochukua majani machache yaliyosalia kwa fedha taslimu na bei ya chini. Asiye na karo ya mtoto hawezi kulaumiwa sana kwa kuwaendea. Lakini bonasi ikifika huwa si yake tena, na mawe yakirudi mwaka wa pili humkuta mikono mitupu kuliko mwanzo. Chama cha akiba na mikopo, na vile vikundi vya wanawake wanaochanga na kupeana kwa zamu, hutoza nafuu zaidi. Sharti lake ni kwamba mtu awe ameingia kabla ya msiba, kwa kuwa havipokei mgeni siku ya shida.

Bima nayo imekuwa ikizungumzwa. Ile inayolipa kwa kutazama kipimo cha mvua kilichowekwa mahali pamoja kwa ajili ya wilaya nzima yafaa kwa ukame, ambao huwapata wote. Mvua ya mawe sivyo ilivyo. Hupiga kilima kimoja ikaacha cha ng'ambo ya mto kikiwa kizima, na kipimo kilichoko kilomita kumi hakina habari. Kwa mawe lazima mtu aje shambani ahesabu machipukizi yaliyovunjika, na gharama ya kumtuma mtu huyo kwenye kila robo ya ekari ndiyo inayowafanya wenye bima kusitasita.