Ubelgiji: Ngome ya Gent iliyojengwa kuwatisha wakaaji leo yapokea watalii

Wakongomani wengi wanaofika Brussels hutembea mtaa wa Matonge, wanasalimia ndugu, kisha wanarudi. Lakini kwa safari ya treni ya karibu nusu saa kuna mji wa Gent, ambao wasemaji wa Kifaransa wanauita Gand, na katikati yake ngome ya mawe yenye umri wa zaidi ya miaka 800, iitwayo Gravensteen.

Ngome hiyo ilijengwa mwaka 1180 na Philippe d'Alsace, mtawala wa Flandre, muda mfupi baada ya kurudi kutoka Nchi Takatifu. Wakati huo wafanyabiashara wa Gent walikuwa wametajirika na kujijengea nyumba ndefu za mawe kando ya mto. Mtawala alitaka wajue nani mkubwa. Ndiyo maana kuta zake nene zinautazama mji wenyewe.

Katika karne ya 14 watawala walihamia jumba lingine. Ngome ikabaki mahakama na gereza kwa miaka mingi. Vyombo vya mateso bado vinaonyeshwa ndani, na ndivyo vinavyowavuta wageni wengi. Lakini kinachoshangaza zaidi ni yaliyofuata: katika karne ya 19 ngome iligeuzwa kiwanda cha pamba, na familia za wafanyakazi zikaishi humo humo, zimebanana kati ya kuta.

Kiwanda kilipohama, kulikuwa na mawazo ya kubomoa kila kitu. Mji uliamua kuinunua na kuikarabati, na mwaka 1907 wageni walianza kuingia. Mgeni ajue basi kwamba si kila jiwe analolipiga picha ni la zamani hizo; sehemu nyingine mafundi walizijenga upya jinsi walivyodhani zilikuwa.

Novemba 16, 1949, wanafunzi wa universite waliiteka ngome hiyo wakilalamikia, pamoja na mambo mengine, kupanda kwa bei ya bia. Waliwarushia polisi matunda yaliyooza hadi wazimamoto walipoleta ngazi. Gent bado inawacheka na kuwapenda.

Mbele ya lango kuna uwanja wa Sint-Veerle, ambapo zamani watu waliuawa hadharani. Siku hizi taa za uwanja huo huwaka kwa nguvu zaidi kila mzazi anapobonyeza kidude hospitalini kutangaza kwamba mtoto amezaliwa. Ukitembea dakika chache unafika kanisa kuu la Sint-Baafs, lenye mchoro mashuhuri wa ndugu Hubert na Jan van Eyck, uliokamilika mwaka 1432. Kipande chake kimoja kiliibiwa mwaka 1934 na hakijaonekana mpaka leo. Kilichopo mahali pake ni nakala.

Kwa Mkongomani kuna kituo kingine, bustani ya Zuidpark. Hapo palisimama sanamu ya mfalme Léopold II. Ilirushiwa rangi nyekundu mara kadhaa, na Juni 30, 2020, siku Congo ilipotimiza miaka 60 ya uhuru, mji uliiondoa. Siku hiyo hiyo mfalme Philippe alimwandikia rais Tshisekedi barua ya kuonyesha majuto yake juu ya mateso ya wakati wa ukoloni.