Kasi ya Kusoma Huanza kwa Utulivu

Mkulima wa nyanya wa Entarara, Kajiado, anaponunua dawa ya ukungu kwenye duka la agroveti, hakai chini kuisoma lebo yote. Maandishi ni madogo, yamezunguka chupa nzima, na jua limeshapanda. Mwenye uzoefu haanzi na neno la kwanza. Kichwani ana maswali matatu: nitie kiasi gani kwenye pampu ya lita 20? Nikishapulizia, nisubiri siku ngapi ndipo nichume? Na ule ukanda wa rangi ulio chini ya lebo, ni mwekundu wa sumu kali au wa kijani? Nusu dakika inatosha kuyajibu yote. Mwenzake aliyeingia bila swali anaweza kuikodolea macho lebo hiyohiyo kwa dakika tano, asome kila neno, na atoke dukani bila kujua siku ya kuchuma.

Kwa miaka mingi nimefundisha vijana mbinu za kusoma, na wengi huja wakiniomba jambo moja: mwalimu, nifundishe kusoma haraka. Mimi huwajibu kwa kuwapeleka kwa mkulima huyo. Kasi yake haimo machoni. Imo katika kujua anachotafuta, na katika moyo uliotulia kiasi cha kukiona anapokifikia.

Tuanze na macho, maana ndiyo yanayosingiziwa. Hayatelezi juu ya mstari kama maji mferejini. Huruka, hutua, huruka tena. Kila yanapotua hukaa takriban robo ya sekunde, na katika kutua huko huona kwa uwazi herufi chache tu, kwa kuwa sehemu ya jicho inayoona vizuri ni ndogo sana. Mwaka 1959 Evelyn Wood alianzisha Marekani mafunzo ya kusoma kwa kasi, na tangu hapo watu wameahidiwa maelfu ya maneno kwa dakika. Mwaka 2016 Keith Rayner na wenzake walichapisha tathmini ya utafiti wa miongo mingi, wakahitimisha kwamba anayeongeza kasi kupita kiasi hupunguza uelewa. Kinachomharakisha msomaji kweli ni wingi wa msamiati na ujuzi wa mada. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kutojilaumu. Neno letu moja, "hatukuwaambia", hubeba mzigo ambao Kiingereza huugawa kwa maneno matano. Katika utafiti wa mwaka 2012 uliolinganisha lugha 17, wasomaji wa Kiingereza walifikia wastani wa maneno 228 kwa dakika, na wa Kifini, lugha ambayo nayo huunganisha viambishi, 161. Kuhesabu maneno kwa dakika basi si kipimo cha akili. Mtoto wa Kajiado anayezungumza Kimaa nyumbani na kusoma Kiswahili na Kiingereza shuleni anafanya kazi kubwa zaidi ya inayoonekana kwenye saa.

Sasa utulivu. Akili ina meza ndogo ya kufanyia kazi, ile tunayoiita kumbukumbu tendaji. Juu yake hukaa mambo machache tu kwa wakati mmoja: mwanzo wa sentensi unayoisoma, maana ya aya iliyopita, swali unalolitafutia jibu. Hofu nayo hutaka nafasi mezani hapo. Mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, kule Kitengela, anayedurusu usiku huku malori yakinguruma barabara ya Namanga na karo ikiwa haijakamilika, hasomi ukurasa mmoja. Anasoma ukurasa pamoja na wasiwasi wake. Ndiyo maana hufika mwisho wa aya akakuta hakushika kitu, akairudia, na usiku ukaisha. Simwiti mzembe mtoto huyo. Meza yake imejaa.

Meza hiyo inaweza kupunguzwa vitu. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock walichapisha katika jarida la Science matokeo ya jaribio rahisi: wanafunzi walioandika hofu zao kwa dakika kumi kabla ya mtihani walifanya vizuri zaidi, hasa wale ambao kwa kawaida hujaa wasiwasi. Pumzi nayo husaidia. Ukivuta hewa taratibu na kuitoa taratibu zaidi, mapigo ya moyo hushuka. Utulivu ninaousema si usingizi. Ni ule wa mchungaji aliyesimama kwa mguu mmoja akiegemea fimbo: mwili umepumzika, macho yako kazini.

Na mchungaji huyo akitafuta ndama aliyepotea, haangalii nyika nzima kwa usawa. Rangi ya ndama ameibeba kichwani, na nyika yenyewe humpangikia. Hili Richard Anderson na James Pichert wa Chuo Kikuu cha Illinois walilipima miaka ya 1970. Waliwapa watu hadithi ya wavulana wawili waliotoroka shule wakaenda nyumbani kwa mmoja wao. Baadhi ya wasomaji waliambiwa wasome kama wezi, wengine kama wanunuzi wa nyumba. Wenye macho ya mwizi walikumbuka zaidi mkusanyo wa sarafu. Wenye macho ya mnunuzi, paa linalovuja. Baadaye wasomaji walipoombwa kubadili mtazamo, walikumbuka mambo ambayo awali hawakuyataja. Lengo huamua nini kishikwe na nini kipatikane tena.

Jioni, basi, kabla ya kufungua kitabu, toa dakika tano. Andika kinachokusumbua, kisha weka karatasi hiyo kando. Vuta pumzi kumi za taratibu. Andika swali moja au mawili unayotaka sura hiyo ikujibu. "Kusoma Biolojia" si swali; "Figo huchujaje damu?" ni swali. Pitia vichwa vya sehemu, michoro na aya ya mwisho, ndipo usome. Pale jibu lisipokuwapo, pita upesi bila kujuta. Pale lilipo, punguza mwendo.

Ukimaliza, funga kitabu na ujieleze ulichopata bila kuchungulia. Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, kwa kuwa ni ngumu kuliko kurudia kusoma. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba baada ya juma moja, wanafunzi waliojipima mara moja walikumbuka asilimia 56 ya kifungu. Waliokisoma tena, asilimia 42.

Mkulima wetu naye hujipima, ila mtihani wake uko shambani. Akiwa amejaza pampu na chupa imebaki kibandani, lazima akumbuke: siku ngapi? Jibu hilo ndilo litakaloamua kama nyanya atakazopeleka sokoni ni salama kwa mtoto wa mtu mwingine. Alisoma maneno machache kuliko wote waliopita dukani asubuhi ile, na hilo moja lisilofaa kusahaulika analo.