Unanunua gereji ya zamani Lushoto? Pima udongo kwanza

Kiwanja kilichokuwa gereji au sheli katikati ya mji wa Lushoto kinaweza kugeuka mgahawa unaoingiza hela. Shida ni kilichobaki chini: oili chafu, dizeli na madini ya risasi kutoka kwenye betri.

Sumu haiondoki kwa kufunga geti. Mwaka 1986, shamba la serikali la Vikuge, Kibaha, lilipokea takriban tani 170 za viuatilifu kutoka Ugiriki. Vilihifadhiwa vibaya, na miaka mingi baadaye watafiti walikuta DDT bado imo kwenye udongo.

Lushoto ni milimani. Mvua ikinyesha, uchafu wa juu huteremka mabondeni, kwenye visima na bustani za kabichi na karoti.

Ufanye nini kabla ya kulipa?

1. Uliza majirani na ofisi ya ardhi: palifanyika nini hapo? Kuna tangi limefukiwa?

2. Peleka sampuli za udongo na maji kwa Mkemia Mkuu wa Serikali.

3. Ukikuta sumu, usimwage udongo korongoni. Wasiliana na NEMC. Bakteria wa udongo wanaweza kula mafuta wakipata hewa na unyevu. Risasi haiozi, udongo wake huondolewa au hufunikwa kwa zege.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema anayechafua ndiye alipe. Kwa hiyo majibu ya maabara yawe mezani mnapopatana bei. Ukishalipa, mzigo unaweza kukuangukia wewe.