Mwizi Aliyelala Kwenye Kibanda cha Mbwa

Wapwa zangu, palikuwa na boma moja, na boma lile lilikuwa na mbwa aitwaye Simba. Simba alikuwa hodari. Panya akipita, Simba anajua. Mgeni akija, Simba anajua.

Usiku mmoja akaingia mwizi. Simba akabweka, watu wakaamka, wakatafuta kila pembe, wakarudi kulala. Asubuhi kila mtu akasema mwizi kakimbia. Kumbe hakukimbia. Mnajua alijificha wapi?

“Darini, mjomba?”

Hapana.

“Chooni?”

Hapana. Alijificha mle mle kwenye kibanda cha Simba, nyuma ya matandiko yake. Nani angekwenda kumtafuta mwizi kwenye kibanda cha mbwa?

Sasa sikilizeni. Boma ni mwili wako. Simba ni kinga ya mwili, zile seli nyeupe za damu zinazolinda usiku na mchana. Na mwizi ni kirusi kinachoitwa Epstein-Barr. Huyu huingia kwa mate. Kwetu Afrika Mashariki wengi humpata wangali wachanga, hata mama asijue. Katika nchi tajiri wengi hawampati mpaka wafikie ujana, na huko huweza kumlaza kijana kwa homa, maumivu ya koo na kuvimba tezi za shingo. Akishaingia, hujificha ndani ya seli nyeupe zenyewe, aina iitwayo seli B, na humo hukaa maisha yote. Zaidi ya watu wazima tisini katika kila mia duniani wanaye.

“Mjomba, hata wewe unaye?”

Bila shaka ninaye. Na wewe huenda unaye. Usishike kichwa, hadithi haijaisha.

Siku moja Simba akamng'ata mtoto wa nyumbani. Watu wakaja juu: Simba, una wazimu? Simba akalaza masikio. “Mimi nimefuata harufu,” akasema. “Harufu ya mwizi naijua, nalala nayo kila siku. Mtoto alipopita, harufu ikafanana. Nikauma.”

Mtoto aliyeumwa ni mayelini. Huo ni utando wa mafuta unaozunguka neva za ubongo na uti wa mgongo. Ukitaka kurusha mpira, ubongo hutuma ujumbe kupitia neva, na neva za kasi, zikiwa na utando wake, huweza kuufikisha mita 100 kwa sekunde moja. Utando ukiliwa, ujumbe huchelewa, au hupotea njiani. Jicho moja linaona ukungu. Mguu unakufa ganzi. Mtu anaamka amechoka, na hakuna kazi aliyofanya. Mara nyingi dalili huja, zikaondoka, zikarudi tena baada ya miezi au miaka.

Ugonjwa huo ni maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Mwaka 1868, daktari Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris aliunganisha dalili hizo na makovu magumu yaliyoonekana kwenye ubongo wa marehemu. Leo ugonjwa huo unawasumbua watu wanaokaribia milioni 3, wanawake zaidi ya wanaume, na mara nyingi huanza mtu akiwa na umri kati ya miaka 20 na 40.

“Na huyo mwizi, nani alimwona kwanza?”

Ah, umeuliza vizuri! Hapo ndipo hadithi inapopita mlangoni petu.

Katika hospitali ya Mulago, Kampala, palikuwa na daktari mpasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt. Aliona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, saratani ambayo vitabu vyake havikuieleza. Mwaka 1961 akaenda kuizungumzia London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi, naye akaomba atumiwe vipande vya uvimbe huo kwa ndege kutoka Uganda. Vikaja. Akavichunguza kwa hadubini miaka miwili. Hakuona kitu.

Desemba 1963, ukungu ukaizuia ndege iliyobeba mzigo mwingine wa uvimbe kutua London, ikatua Manchester. Mzigo ulipofika ulikuwa umechelewa, na maji ndani ya chupa yameingia ukungukungu. Mwingine angemwaga. Ukungukungu kwa kawaida ni bakteria, na bakteria ni sampuli kuharibika. Epstein hakumwaga. Akaweka tone chini ya hadubini, akaona seli za uvimbe ziko hai, zimejitenga moja moja, zinaelea. Kumbe zikiwa hivyo ndipo zinapoweza kukuzwa. Yeye na Yvonne Barr wakazikuza, Bert Achong akasaidia kwenye hadubini ya elektroni, na mwaka 1964 wakatangaza kirusi kipya. Kikapewa majina ya Epstein na Barr. Achong, mzaliwa wa Trinidad, aliachwa nje ya jina, na mimi nasema hapo hakutendewa haki. Mtoto wa Uganda aliyetoa seli zile hatajwi kabisa.

“Lakini mjomba, kama karibu kila mtu anaye, mtajuaje kwamba ndiye mkosaji wa MS? Labda ugonjwa ulitangulia, yeye akaja baadaye!”

Njoo nikupe mkono! Swali hilo liliwakalisha wanasayansi miaka mingi. Ukimkuta mwizi bomani na mtoto ameumwa, huwezi kusema lipi lilianza. Ungehitaji damu ya mtu kabla hajaugua, kabla hata kirusi hakijaingia. Nani huweka damu ya watu wazima wa afya njema?

Jeshi la Marekani huweka. Kila askari hupimwa virusi vya Ukimwi anapoingia jeshini, kisha mara kwa mara, na majimaji ya damu yanayobaki hugandishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard wakafungua hazina hiyo, yenye askari zaidi ya milioni 10, wakafuatilia miaka 20. Waliopatikana na MS walikuwa 955, na wenye sampuli za kutosha 801. Kati ya hao 801, mmoja tu hakuwa na dalili ya kirusi katika damu yake kabla ya ugonjwa. Mmoja! Majibu yalitoka mwaka 2022: mtu aliyeambukizwa Epstein-Barr hatari yake ya MS iliongezeka mara 32. Wakapima na kirusi kingine kinachoenezwa kwa mate vilevile. Hicho hakikuongeza kitu.

Mwaka huohuo watafiti wa Stanford wakakuta kwamba kipande cha protini ya kirusi hicho kinafanana na protini moja ya ubongoni, na kwa baadhi ya wagonjwa kingamwili zinashambulia zote mbili. Simba hakuwa anasema uongo.

Sasa mbona mimi siumwi? Kwa sababu mwizi peke yake hatoshi. Kuna urithi wa wazazi, kuna uvutaji sigara, kuna upungufu wa vitamini D. MS yenyewe haiambukizi, kwa hiyo mtu mwenye nayo mpeni mkono bila wasiwasi.

Dawa zipo. Ya kwanza ya kupunguza mashambulizi, intaferoni beta, iliidhinishwa Marekani mwaka 1993. Za siku hizi zina nguvu zaidi, na baadhi, kama rituksimabu, huondoa seli B, yaani hubomoa kibanda. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliiweka rituksimabu kwenye orodha ya dawa muhimu kwa MS. Lakini neva iliyokwisha kufa haifufuki kwa dawa hizo, na mgonjwa ambaye hali yake hudidimia polepole, bila mashambulizi, bado hupata nafuu ndogo.

Chanjo mpya ya kumzuia mwizi mlangoni ilianza kujaribiwa kwa watu mwaka 2022. Ikifaulu, jibu halitapatikana haraka. Mtoto atakayechanjwa sasa atasubiriwa afike miaka 20, 30, hata 40, ndipo ijulikane kama ameepuka MS. Mimi sitakuwepo. Hesabu hiyo mtaipiga ninyi.